Siagi ya Mukarugwiza

Sokoni Gisenyi waliniita Mama Pua. Sikujali, na sijali mpaka leo. Pua ni yangu, na ndiyo iliyonisaidia kumlea mtoto wa kaka yangu mpaka akaolewa, kwa hiyo wenye kucheka waache wacheke.

Nilikuwa na cherehani yangu karibu na safu ya wauza mafuta ya kujipaka. Mwaka ulikuwa tisini na tisa. Barabara zilianza kupitika tena, na kila asubuhi wanawake walivuka mpaka kutoka Goma na vikapu vimejaa pomadi, gliserini na krimu za rangi zote. Nusu ya vichupa havikuwa na karatasi yoyote. Nusu nyingine vilikuwa na karatasi ya uongo, kwa sababu kichupa kikiisha hujazwa tena kutoka kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, na bidoni haina jina. Mimi nilikuwa nafungua kifuniko, nanusa, halafu nauliza swali langu moja.

“Iko nini ndani?”

“Iko mafuta, mama.”

“Naona iko mafuta. Mafuta ya nini?”

“Ya kujipakaa! Mama Pua, weye unasumbua sana. Unapakaa, unang’aa, bas.”

Miaka kumi na minane nimepewa jibu hilo, kwanza Goma, kisha Gisenyi. Sikuwahi kulikubali hata siku moja.

Umuhoza alikuwa na miaka minne nilipoanza kunusa. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake pia, na mtoto alikuwa wangu. Jirani akampa sombe, majani ya muhogo, iliyoungwa kwa karanga. Kabla hajamaliza kijiko cha pili midomo ilikuwa imevimba, sauti imepotea, na kifua kinapiga filimbi. Muuguzi wa zahanati alimchoma sindano, akasubiri mpaka mtoto akalia vizuri, ndipo akanigeukia. Aliniambia karanga na mtoto huyu ni marufuku, mdomoni na kwenye ngozi pia. La mdomoni nilielewa. La ngozi nilicheka kimoyomoyo. Miezi mitatu baadaye nilinunua pomadi ya kichupa kizuri, nikampaka mapaja baada ya kuoga, na mapaja yakafura malengelenge. Nilimrudia muuzaji. Alikuwa ameongeza mafuta ya karanga ili pomadi iwe nyingi, na wala hakuona kosa lake liko wapi.

Tangu siku hiyo kila mafuta mapya niliyaweka tone moja kwenye kiko cha mkono wa Umuhoza, pale mkono unapokunjika, tukangoja siku tatu. Tulipata gliserini moja tu tuliyoiamini, na nilikuwa nainunua kwa mtu mmoja tu.

Sasa nieleze uongo wangu, maana bila huo hadithi hii haina kichwa.

Umuhoza alipata mchumba, Muhire, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole. Mama yake, Mukarugwiza, alikuwa mjane kutoka Cyanzarwe. Vita viliwafukuza kule, wakawa wanapanga nyumba hapa mjini, kwenye njia inayokwenda Rubona. Nyumba ilikuwa ya kupanga lakini kiburi kilikuwa chake mwenyewe. Asubuhi hakukusalimu kwa habari za asubuhi kama watu wengine. Alisema “Amashyo!”, ile salamu ya wazee ya kumtakia mtu makundi ya ng’ombe, akasubiri umjibu kwa heshima. Ng’ombe wake, alisema, walikuwa na mchungaji kule Cyanzarwe, kumi na mmoja, na usalama ukitulia tutawaona.

Siku ya posa, msemaji wao alisimama akamsifu ng’ombe wa mahari: rangi yake, pembe zake, mama yake na bibi yake. Yuko malishoni, alisema, akizaa mtaletewa yeye na ndama. Msemaji wetu naye akasimama akamsifu binti: mzima, hana dosari, hajui ugonjwa. Mimi nilikaa pale na mshanana wangu wa hariri, ile nguo ya sherehe ya kufungwa begani, nikanyamaza kimya.

Umuhoza alikuwa ameniomba. “Masenge,” alisema, maana ndivyo anavyoniita, shangazi, dada wa baba yake, “tuwaambie watu wa Muhire.”

“Tuwaambie nini? Kama muko na ugonjwa kwa damu? Kama watoto watazaliwa nayo? Wataacha. Ukifika huko, jipikie mwenyewe. Fungua macho kwa sufuria.”

“Muhire nimemuambia.”

“Bon. Muhire anatosha.”

Nilimfundisha kuogopa sufuria za watu. Haikunijia hata dakika moja kumfundisha kuogopa kibuyu cha siagi. Siagi hutoka kwa ng’ombe, ng’ombe hula majani, mimi mwenyewe nilikulia Masisi katikati ya ng’ombe na maziwa. Ningeogopa nini?

Kwetu bibi harusi akishafika kwa mume hukaa ndani. Haonekani. Wanawake wa ukweni humpaka siagi ya ng’ombe asubuhi na jioni, mwili mzima, mpaka siku ya kumtwikurura, yaani siku ambayo sisi wa kwao tunakwenda kumtoa nje mbele ya watu. Siku hiyo anatakiwa ang’ae. Hawamtazami yeye tu, wanaitazama na siagi ya mama mkwe, na kwa siagi wanahesabu zizi lake. Kabla ya siku hiyo sisi hatukanyagi kule. Harusi ilikuwa Jumapili, na kutwikurura kulipangwa Jumamosi iliyofuata.

Jumatano saa tatu asubuhi Muhire alisimama mbele ya cherehani yangu.

“Mama, mwaramutse. Munisamehe, najua si vizuri nifike hapa. Ni mama alinituma sokoni, nikasema nipitie.”

“Umuhoza yuko?”

“Yuko. Anajikuna tu. Iko na vipele kwa mikono na shingo. Tante Xavérine anasema ni ngozi inakauka, ni vumbi ya Goma inatoka, donc wanaongeza mafuta.”

“Wanaongeza?”

“Asubuhi hii wamemupakaa mara mbili. Hata midomo, maana midomo ilikuwa imevimba kidogo.”

Niliacha nguo ya watu chini ya sindano. Sikuaga mtu. Njia nzima Muhire alikuwa ananikumbusha kwamba siruhusiwi kuingia, kwamba mama yake atakasirika, na mimi nilimwambia akitaka kukasirika apange foleni nyuma yangu.

Xavérine, mdogo wake Mukarugwiza, alikuwa mlangoni pa chumba na viganja vinang’aa mpaka kwenye viwiko. Alinyoosha mikono kunizuia.

“Ayii! Shangazi ya bibi harusi haingii! Bado siku tatu!”

“Niguse na hayo mafuta, utaona.”

Niliingia. Umuhoza alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso umefura, macho yamekuwa mistari miwili. Mwili mzima uling’aa, na chini ya mng’ao kulikuwa na mabaka mekundu kama ramani. Aliponiona alifungua mdomo. Alijishika koo tu, nikasikia ile filimbi niliyoisikia mara ya mwisho akiwa na miaka minne.

Niliita maji na sabuni. Hakuna aliyeleta. Kumwosha bibi harusi siagi ya ukweni kabla ya siku yake ni kuwatemea mate usoni, na kila mwanamke pale alilijua hilo, nami nililijua kuliko wote. Nilitoka uani mwenyewe, nikachukua beseni la nguo lenye kipande cha sabuni ya kufulia, nikarudi nikaanza kumsugua usoni, shingoni, kifuani. Mukarugwiza alikuja mlangoni, mrefu, amejifunga kitenge chake vizuri.

“Amashyo, bamwana,” alisema. Bamwana ni jina wanaloitana wazazi ambao watoto wao wameoana. Alilisema kwa upole wa mtu anayekuona umerukwa na akili.

“Umemupakaa nini mutoto wangu?”

“Mafuta ya ng’ombe. Ya kwetu. Kwani kwenu munapakaa nini?”

“Iko nini ndani?”

“Nimesema iko ng’ombe.”

Sikubaki kubishana. Jirani alikuwa na pikapu inayopakia viazi. Muhire alimbeba mkewe, tukampakia juu ya magunia, mimi nikashika kichwa chake, na bibi harusi akapita katikati ya mji mchana kweupe, uso wazi, siku tatu kabla ya kuonekana. Watu walisimama barabarani. Niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakageuza macho.

Hospitalini walimchoma sindano upesi, wakamwekea maji ya mshipa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza kifua. Filimbi ilipungua, ikawa mluzi mdogo, ikaisha. Hapo ndipo nilipoona povu la sabuni limekauka viganjani mwangu, nikalifuta.

Kesho yake asubuhi Mukarugwiza na Xavérine walifika na kikapu. Juu kulikuwa na uji wa mtama. Chini ya uji, ndani ya kitambaa safi, kulikuwa na kibuyu cha siagi ile ile.

“Bibi harusi hawezi kukaa mukavu,” Xavérine alieleza, akakunja mikono ya blauzi, akakishika kibuyu.

Nadhani hata wagonjwa wa vitanda vya jirani waliona damu ilivyonipanda. Lakini muuguzi alinitangulia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio, na alikuwa ameshika karatasi ya Umuhoza.

“Bon. Nani alimupakaa huyu?”

“Ni siye,” Mukarugwiza alisema.

“Mulimupakaa nini? Lazima niandike.”

“Mafuta ya ng’ombe.”

“Tu?”

“Tu.”

“Huyu mugonjwa anasema mwili wake unakataa karanga. Haikukuwa karanga ndani?”

“Karanga ya wapi? Siye hatupakae karanga. Siye tuko watu wa ng’ombe.”

Muuguzi alishusha karatasi. “Mama, mi si polisi. Lakini nikiandika uongo hapa, siku ingine huyu mutoto atakufa na karatasi yangu kwa mukono.”

Mukarugwiza alimpa mgongo. Aligeuka kwangu, na sauti yake ilipanda ili wodi nzima isikie.

“Ngozi yenye kukataa mafuta ya ng’ombe iko na neno. Munisikie wote. Walituletea mugonjwa. Walisema muzima, hana dosari, na huyu shangazi alikuwa amekaa pale. Aseme kama nadanganya!”

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililoniuma. Nusu ya maneno yake yalikuwa kweli tupu, na nilikuwa nimeyaogopa tangu siku ya posa. Ningeweza kupiga kelele kuliko yeye, nina koo hilo. Ningeweza kumwita mchawi. Nilimtazama Umuhoza, midomo bado minene, ananitazama mimi na si mama mkwe wake, anangoja.

“Ni kweli,” nilisema. “Nilijua. Tangu akiwa na miaka mine, karanga inataka kumuua. Nilinyamaza juu niliogopa mutamukataa. Niliongopa, mbele ya wazee, na mushanana yangu. Haya. Mi nimesema yangu. Na weye sema yako.”

“Sina ya kusema.”

“Basi maji yatasema.”

Chini ya dirisha kulikuwa na beseni la maji lililolala nje usiku kucha, baridi ya kuuma vidole. Nilichukua kibuyu mikononi mwa Xavérine kabla hajajua kinakwenda wapi. Kwanza nilinusa. Juu palikuwa na moshi na majani ya kunukia, mengi mno. Chini yake palikuwa na siagi, kidogo, siagi ya kuombwa. Na chini kabisa, pale pale nilipopategemea, karanga.

“Mimi nilikulia Masisi,” niliwaambia wale wanawake wa vitandani, maana sasa walikuwa wameketi wote. “Mafuta ya ng’ombe ukiyatia kwa maji ya baridi inafanya nini?”

“Inaganda,” alisema bibi mmoja aliyefungwa mguu, haraka kama mtoto darasani.

Niliinamisha kibuyu. Mafuta yalishuka, yakafika kwenye maji, yakatanda. Yalikaa juu ya beseni manjano, majimaji, yakizunguka polepole, na katikati yake palielea vipunje vichache vyeupe vilivyoganda, kiasi cha kujaza ukucha. Nilichovya kidole nikakiinua. Mafuta yakadondoka.

Muuguzi alitoa kalamu nyuma ya sikio.

Aliyezungumza ni Muhire. “Mama. Hii mafuta imetoka kwa ng’ombe gani?”

Mukarugwiza alinyoosha kitenge chake magotini, mara moja, mara ya pili.

“Mama, ng’ombe ziko wapi?”

“Zilienda na vita,” alisema. “Zote kumi na moja. Siku moja, asubuhi, na muchungaji pia. Ni mwaka na nusu sasa.”

“Uliniambia ziko Cyanzarwe. Kila mwezi uliniambia.”

“Ningekuambia nini? Ulikuwa unatafuta muke. Nani atakupatia muke kwa mama yenye hana hata ndama?” Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza hakunitazama kutoka juu. “Niliomba siagi kwa watu, wakanipa kijiko. Nikaongeza mafuta ya karanga ya Goma, ile ya muzuri, safi. Karanga iko chakula, bamwana. Watoto wanakula. Ningemupakaa nini? Vaselini ya soko, kama mutu hana kwao?”

Nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma. Mkono wangu ulitaka kumwagia beseni zima kichwani, na mkono mwingine ulitaka kumshika bega. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilibaki nimesimama na kidole kinachodondoka mafuta kama mjinga.

Aliyeamua ni mwenye ngozi. Umuhoza aliketi, akajifuta midomo kwa upole, na sauti yake ilitoka na mikwaruzo.

“Mutanisamehe wote wawili, muko wakubwa wangu,” alisema. “Masenge, ulificha ugonjwa yangu. Mama, ulificha ng’ombe. Ni mimi nilikuwa katikati, nimepakwa. Sasa nasema mimi. Sitapakwa tena. Siku ya posho nitatoka hivi.”

Kule kwetu posho ni Jumamosi. Xavérine alishika mdomo. “Mukavu? Mbele ya watu? Na hizi alama?”

“Hivi hivi.”

“Watasema nini?” Mukarugwiza aliuliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelezwa.

“Waseme.”

Hapo, nakiri, niliharibu. Nilikuwa nimejawa na fahari, nikaona nimsaidie. “Nitakuletea gliserini yetu,” nilisema. “Ile ya kiko cha mukono. Kidogo tu, kwa uso.”

“Hata yako, Masenge.”

Miaka kumi na minane ya kunusa, na hata yangu. Muhire alikuwa amekaa kitandani karibu na miguu yake, akaishika miguu hiyo mikavu yenye mabaka, akamwambia mama yake kwamba mkewe akitoka nje mkavu, yeye atasimama pembeni yake, na asiyetaka kuona afumbe macho. Sikujua yule mpole ana sauti hiyo. Mukarugwiza aliichukua ile karatasi mkononi mwa muuguzi, akaitazama kana kwamba anasoma, akairudisha.

“Andika karanga,” alisema.

Ijumaa Umuhoza aliruhusiwa kurudi kwa mumewe, na siku mbili zile maneno yalienda mjini kwa kasi kuliko pikapu yoyote. Wengine walisema bibi harusi ana ukoma. Wengine walisema shangazi yake amemroga mama mkwe ili amnyang’anye ng’ombe. Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuja mpaka sokoni kuniambia tumrudishe binti nyumbani, kwa kuwa ng’ombe wa mahari ni hewa tupu. Nilimuuliza kama yeye yuko tayari kuolewa badala yake. Aliondoka akitikisa kichwa.

Jumamosi niliamka mapema, nikaoga, nikavaa mshanana. Na nikajipaka. Nilichukua gliserini yetu nikajipaka mikono, shingo, uso, miguu, mpaka nikang’aa kama sahani ya dukani. Niliwaza hivi: kama bibi harusi hatang’aa, basi angalau mtu mmoja wa upande wetu ang’ae, wasije wakasema tumeshindwa. Hata sikuona ubaya wake. Nilitoka kichwa juu, na wenzangu wa ukoo nyuma yangu na vikapu vya zawadi.

Kwenye lango la ile nyumba ya kupanga tulikuta meza ndogo. Juu yake palikuwa na beseni, birika la maji na kipande cha sabuni. Mukarugwiza alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimtazama mara mbili ndipo nikamjua. Alikuwa hajajipaka chochote. Mikono yake mirefu ilikuwa imepauka mpaka kwenye viwiko, miguu imepauka, mashavu yamepauka, na kwetu mwanamke wa hadhi hatoki hata kufuata maji akiwa hivyo. Kila mgeni aliyefika, yeye mwenyewe alimmiminia maji, akamwambia maneno yale yale bila kuinamisha macho.

“Karibu. Unawe mpaka hapa kwa kiko, na uso. Muke wa mutoto wangu, karanga inamuua, na mafuta yenu hatujue iko nini ndani. Ukinawa, utamukumbatia.”

Mwanamke mmoja mwenye mkufu wa dhahabu alirudisha mikono. “Kwani hii nyumba haina mafuta yake?”

“Haina,” Mukarugwiza alisema. “Haina mafuta na haina ng’ombe. Iko na maji. Nawa, ao simama pale mbali.”

Yule mwanamke alinawa.

Hakunisalimu kwa makundi ya ng’ombe siku hiyo. Alisema tu ile salamu ya asubuhi ya kila mtu, “Mwaramutse, bamwana,” na mimi nikamwitikia hivyo hivyo, nikapita. Nilipita tu, bila kusimama kunawa. Mimi ni mwenye pua. Hilo swali ni langu, nimelibeba masoko mawili, nani wa kuniuliza mimi?

Umuhoza alitoka. Mshanana mweupe, shanga, nywele zimenyolewa vizuri pembeni. Na ngozi kavu, ya vumbi, na mabaka yaliyobaki shingoni na mikononi yote yakionekana kwenye jua la saa nne. Manung’uniko yalizunguka ua. Aliyaacha yazunguke mpaka yakaisha yenyewe. Hakujifunika, hakuinama, na Muhire alikuwa pembeni yake kama alivyoahidi. Sijawahi kumwona mtu mzuri kama yule mtoto siku ile, nami nililia machozi waziwazi wala sikujifuta.

Mimi ndiye shangazi, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kumkumbatia. Nilikwenda mikono wazi, nang’aa kwenye jua lote.

Umuhoza aliinua kiganja.

“Masenge. Iko nini ndani?”

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka kidogo, akaacha.

Jibu nilikuwa nalo. Ni gliserini yetu, mwanangu, ile ya kiko cha mkono, naijua kama ninavyolijua jina lako, niamini. Nilifungua mdomo nilitamke. Kisha nikakumbuka siku ya posa, msemaji wetu akisema hana dosari, na mimi nimekaa pale na hariri yangu, nimenyamaza. Aliniamini siku hiyo pia.

Niligeuka, nikarudi mpaka langoni mbele ya watu wote, nikakunja mshanana nikapeleka mikono. Mukarugwiza alinipa sabuni, akanimiminia maji.